Staftahi ya Duka

Alhamisi wanakuja kumposa Nesrin,
na birika letu la kahawa limetoboka
palepale mama mkwe alipoliziba kwa bati
mwaka ule wa theluji ya magotini.
Basi Jumanne nikashika kapu,
nikateremka Antep ya zamani, chini ya ngome,
jua halijafika bado kwenye mawe.

Soko lile huingiwa kwa masikio kwanza.
Nyundo arobaini, kila moja na hasira zake,
zagonga shaba nyekundu, ko-ko, ko-ko,
hata meno yangu ya bandia yakaitikia.
Juu, biringanya kavu zimetungwa uzini,
pilipili kando yake, na chini magunia ya pistachio
ambayo kila mtu huonja na hakuna anayenunua.
Kijana wa chai akapita na sinia la minyororo,
bilauri sita, tone halimwagiki;
akaniita shangazi, nami mamaye simjui.

Kwa Ökkeş nikaliona: la vikombe tisa,
mkono mrefu, tumbo limejaa alama za nyundo,
ndani bati jeupe kama jino la mtoto.
"Bei gani?" Uso nimekwisha kuukunja,
maana bei haiulizwi kwa uso wa furaha.
Ökkeş akapangusa mikono kwenye aproni.
"Dada, mimi leo nimeshakula.
Mtu alinijia alfajiri akanunua sinia.
Huyo jirani yangu, tangu afungue mlango,
hata staftahi hajapata. Nenda kwake.
Birika lake na langu baba yao mmoja."

Desturi naijua. Baba yangu aliuza viatu sokoni humo,
naye aliwafukuza wateja kwa upole huohuo.
Lakini jirani ni Vakkas.

Vakkas, mbia wa marehemu mume wangu
hadi lile sufuria kubwa la harusi ya watu wa Nizip,
lililolipwa mara moja, likadaiwa mara mbili.
Nani alizila zile fedha, sijui.
Ninalojua, siku ya mazishi
alisimama ng'ambo ya barabara, kofia mkononi,
na hakuvuka.
Miaka tisa. Hata vijiko nilivinunua upande wa pili wa mji.

Ningeweza kusema, "Ökkeş, niuzie wewe."
Angeniuzia. Ila macho yake yangenipunguza kimo.

Hatua sita. Nilizihesabu.

Vakkas amezeeka upande mmoja kuliko mwingine:
bega la nyundo limepanda, lile jingine limelala.
Hakunitaja jina. Alivuta kigoda,
akakipangusa kwa kiwiko.
"La vikombe vingapi?"
"Tisa."
Akafikiri. "Wageni wa posa?"
Sikujibu. Akayaacha ya mbele yanayong'aa,
akapanda ngazi, akashusha moja la rafu ya juu,
zito, lina vumbi.

Akataja bei. Bei ya haki,
ya haki mno, bei ya mtu anayeomba kitu kingine.
Kununua bila kuvutana ni kusamehe kimyakimya,
na mimi kimya sikiwezi.
Nikamshusha, akapanda. Nikageuka kuondoka,
akaniita, nikarudi. Akaapa kwa macho yake,
nikaapa kwa goti langu bovu.
Tukagombana vizuri, kama watu.

Noti yangu akaitupa sakafuni, kama inavyofanywa
na fedha ya kwanza ya siku;
akainama kuiokota, akakaa ameinama
muda mrefu kuliko noti inavyohitaji,
kisha akaigusisha kidevuni, penye mvi.
"Mkono ni wako," akasema, "baraka ni ya Mungu."

Nilipotoka nyundo yake ilianza,
ikiwa nyuma kidogo ya nyingine zote.

Basi lilikuwa limeshaipita ngome
ndipo nikakumbuka: kahawa yenyewe sijanunua.
Nikagonga kioo. "Dereva, nishushe."